Mguu uliokonda: mgonjwa wa msuli anakula nini kwetu?



Juma hili tunaandika juu ya mguu wa mwenzetu mmoja. Jina lake hatutalitaja, yeye mwenyewe ametuomba hivyo, lakini ametukubalia tusimulie. Alikuwa anatoka shamba, mzigo wa viazi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso kama tunavyobeba wote huku Masisi, panga mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha. Akateleza kwenye mteremko, akaangukia panga lake, likakata paja hadi kwenye msuli. Alishonwa, Mungu asifiwe kidonda hakikuoza, na baada ya majuma matatu nyuzi zilikuwa zimetolewa zamani. Ngozi ilikuwa imefunga vizuri. Ila mguu ulikuwa umekonda, paja la kuume si nusu ya lile la kushoto ukilitazama kwa jicho tu, na kusimama hawezi bila kushika ukuta.

Sisi wa ushirika tulikwenda kumtazama. Tulibeba nini? Fanta mbili, mkate, na sukari ya nusu kilo. Tulijiona tumefanya vema. Tukakuta chakula chake kiko pembeni ya kitanda: fufu ya mihogo na mchuzi wa lenga-lenga, mweupe, bila karanga, bila samaki. Tukauliza maharagi yako wapi, maana nyumbani mle maharagi yalikuwa yanachemka jikoni tunayasikia harufu. Mama mkwe akajibu kwa upole kwamba mwenye kidonda hapewi maharagi, yanaleta usaha. Na sambaza? Zinawashisha kidonda. Na yai? Lilikuwa limeuzwa.

Hatukubishana naye siku ile. Ni mzazi, na alikuwa anamuuguza kwa moyo wote, usiku halali. Lakini tuliporudi njiani tulinyamaza, kwa sababu kati yetu kulikuwa na walimu wawili waliosoma biolojia pale ISP, na wote wawili tulikuwa tumebeba Fanta.

Basi tulirudi kwenye madaftari yetu ya zamani, tukawauliza pia wauguzi wa kituo cha afya, na haya ndiyo tuliyoyakusanya.

Msuli unaotuwezesha kutembea, kulima na kubeba mtoto umefanyika kwa nyuzi ndefu nyembamba, zimefungwa mafungu mafungu kama kamba ya kufungia mbuzi. Ukichana nyama ya ng'ombe iliyoiva unaziona kwa macho. Nyuzi hizo zimejengwa kwa protini, na protini nayo imejengwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Viko vya namna 20. Namna 11 mwili wa mtu mzima unaweza kuvitengeneza wenyewe. Namna 9 hauwezi, ni lazima viingie kwa mdomo: leusini, lisini, methionini, triptofani na ndugu zao wengine. Si lazima kuyashika majina, hata wanafunzi wetu hatuwalazimishi. Lazima kushika moja tu, kwamba hivyo 9 visipoliwa havipo.

Darasani tunafundisha jambo hili kwa vikaratasi vya herufi. Tunamwita mtoto mbele, tunamwambia andika MASISI. Tunampa M kumi, A kumi, I kumi, na S moja. Anaandika MAS, anaandika I, halafu anasimama. Hawezi kuendelea. Zile M zote zilizobaki mkononi hazimsaidii kitu, anakosa S moja tu. Mwili hufanya vivyo hivyo unapojenga uzi wa msuli. Ukikosa kipande kimoja, kazi inasimama pale pale, na vipande vilivyobaki mwili hauviweki akiba kama tunavyoweka mahindi darini. Unavichoma kama kuni na mabaki yanatoka katika mkojo.

Sasa tazameni sahani zetu. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharagi yana lisini nyingi, ila methionini ni kidogo. Mahindi methionini yanayo. Kwa hiyo bibi zetu waliochanganya mahindi na maharagi katika chungu kimoja walikuwa wanampa mtoto S aliyokuwa anaikosa, bila kujua jina lake. Mihogo ni jambo jingine. Unga wa mihogo unatupa nguvu, lakini katika gramu 100 za unga huo protini haifiki hata gramu 3, wakati gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20, na soya karibu 36. Mtu anaweza kushiba fufu hadi tumbo limekaza na msuli wake ukalala njaa.

Tuseme sasa kinachotokea ndani ya paja lililokatwa.

Siku za kwanza mahali palipoumia panavimba na kupata moto. Hiyo si mbaya yote, seli nyeupe za damu zimekuja kuondoa nyuzi zilizokufa, kama vile watu wanavyoondoa kwanza mbao zilizoungua kabla ya kujenga nyumba upya. Wakati huo huo kuna seli ndogo zinazolala pembeni ya kila uzi. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alexander Mauro, aliziona mwaka 1961 katika msuli wa chura, akaziita seli satelaiti kwa sababu ya kukaa pembeni hivyo. Msuli ukiumia zinaamka. Zinazaana, kisha zinaungana, zinafanya uzi mpya au kuziba ule uliopasuka. Kazi kubwa ya kuzaana na kuungana inafanyika katika majuma mawili, matatu ya mwanzo, na uzi mpya unaendelea kunenepa kwa miezi. Angalieni vizuri hesabu hiyo: majuma yale yale ambayo mwenzetu alikuwa anapewa fufu na mchuzi mweupe.

Na kuna ubaya wa pili. Mwili ulioumia una haraka. Unahitaji asidi amino kwa kidonda, kwa damu iliyopotea, kwa askari wa kupigana na vijidudu. Zisipotoka kwenye sahani, mwili unakwenda kuzichukua mahali zilipo nyingi, na mahali hapo ni misuli mizima: mguu wa pili, mikono, mgongo. Unabomoa nyumba ya jirani ili kutengeneza mlango wako. Ndiyo maana mgonjwa anayelala sana bila chakula cha kujenga anakonda hata sehemu ambazo panga halikugusa.

Kulala kwenyewe kunakula msuli. Kule Maastricht, Uholanzi, wataalamu waliwafunga vijana wazima, wenye afya na chakula cha kutosha, mguu mmoja ili wasiutumie. Baada ya siku 14 msuli wa paja ulikuwa umepungua kama asilimia 8 na nguvu zake karibu asilimia 23. Hao ni vijana walioshiba, bila jeraha lolote. Mama wa Masisi aliyepoteza damu atakuwaje?

Sisi watu wa Kivu hatungepaswa kuwa wageni wa elimu hii. Pale Lwiro, Kivu ya Kusini, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1947, na miaka iliyofuata waganga walichunguza watoto wa Kivu wenye kwashiorkor pamoja na asidi amino katika miili yao. Wale watoto waliovimba miguu na uso, tunaowajua sote, misuli yao chini ya uvimbe ilikuwa imeisha. Tunajifunza habari ya kwashiorkor kwa ajili ya watoto na tunafanya vizuri, vituo vya lishe vipo. Ila mtu mzima aliyeumia hakuna anayempima mkono. Anaambiwa pole, anapewa Fanta.

Kiasi gani basi? Mtu mzima mwenye afya anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Aliyeumia vibaya au aliyepasuliwa anahitaji zaidi, kati ya gramu 1.2 na 1.5. Mwenzetu ana kilo 50, kwa hiyo alipaswa kupata gramu 60 hadi 75 kila siku. Tulikaa tukapiga hesabu ya ile fufu mara mbili, lenga-lenga na chai ya sukari. Tulipata kama gramu 12. Tulirudia hesabu mara mbili tukidhani tumekosea.

Sasa hapa wengi watasema: walimu, gramu 70 za protini ni nyama, na nyama ni ya matajiri. Tunaelewa. Ng'ombe wengi wa Masisi wamekwenda na vita, na fromaji yetu, inayosifiwa hadi Kinshasa, sisi tunaiona ikipita barabarani kwenda Goma. Lakini hesabu inafika bila nyama. Asubuhi uji wa mahindi uliotiwa soya, sehemu moja ya soya kwa mbili za mahindi, bakuli kubwa, na kiganja cha karanga: karibu gramu 18. Mchana sahani ya maharagi na bugali wa mahindi: kama 28. Jioni sombe na viganja viwili vidogo vya sambaza kavu zilizotwangwa, na yai moja likipatikana: kama 22. Jumla 68. Wenye maziwa ya kuganda waongeze kikombe, kila kikombe kina gramu 8 hivi. Walikale mna mchele na mawese, mna samaki wa mito, mna kumbikumbi kwa majira yao na wale wadudu wanono wa mchikichi. Msiwadharau kwa sababu mgeni wa mjini amekunja uso, wana protini nzuri kama ya nyama.

Tumegawa hesabu hiyo mara tatu kwa makusudi. Leusini, mmoja wa wale 9, ndiye kama kengele ya shule: ikiingia kwa kutosha katika damu, msuli unaanza kujenga, na unaendelea kwa saa chache, kisha unanyamaza hadi mlo mwingine. Mtu anayekula mara moja kwa siku, jioni tu, anapiga kengele mara moja. Tunajua nyumba nyingi, hasa za waliokimbia, zinakula mara moja. Hata hivyo, chakula kile kile kikigawanywa, maharagi kidogo yakibakizwa kwa asubuhi, mgonjwa anafaidika.

Fufu isifukuzwe. Mgonjwa asipopata nguvu ya kutosha kutoka kwenye fufu, viazi na mafuta ya mawese, mwili utachoma protini yenyewe kama kuni, na hapo tumepika kwa mbao za nyumba. Mapera na malimau nayo yawepo, kwa sababu bila vitamini C ule utando unaoshika kidonda haukazi.

Soya ina sharti lake. Isiliwe mbichi wala isisagwe mbichi ikapikwa kidogo tu. Ndani yake kuna kitu kinachozuia tumbo kuvunja protini, na moto ndio unaokiua. Ichemsheni au ikaangeni vizuri kabla ya kusaga. Waliosema soya inasumbua tumbo, mara nyingi wameila ikiwa haijaiva.

Na mihogo michungu, hii tunawaomba sana. Inatakiwa kuloweshwa siku tatu, nne, na kukauka vizuri. Siku za kukimbia tumeona watu wakilowesha usiku mmoja. Sumu inayobaki humo mwili unaiondoa kwa kutumia asidi amino zenye kiberiti, yaani methionini na sisteini, zile zile ambazo maharagi yana kidogo. Kwa hiyo mihogo iliyoloweshwa vibaya haikupi vipande vya kujengea, na inachukua hata vile ulivyokuwa navyo. Ikizidi inaleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana Kwango tangu miaka ya 1930, na katika miaka hii ya vita umeonekana pia Kivu ya Kusini. Sombe nayo itwangwe na ichemke muda mrefu, sufuria wazi.

Kuna wanaotuuliza juu ya zile poda za mikebe zinazouzwa mjini kwa vijana wanaonyanyua vyuma, zilizoandikwa asidi amino. Si sumu zikiwa za kweli. Lakini zile zenye namna tatu tu za asidi amino ni kama kumpa mtoto M, A na I na kumwambia andika MASISI. Bei ya mkebe mmoja inanunua maharagi ya mwezi. Sisi tungenunua maharagi.

Turudi kwa mama mkwe. Tulimwendea tena baada ya siku nne, safari hii na kopo la soya, sambaza na mayai sita yaliyokusanywa nyumba kwa nyumba. Tulikwenda na mama mmoja mzee wa ushirika, kwa sababu si vijana wa kumfundisha mzazi. Yule mzee hakutaja asidi yoyote. Alisema tu: dada, ulipojifungua ulipewa nini ili upate nguvu? Akacheka, akajibu: uji na maharagi. Basi. Usaha, muuguzi alikuwa ametueleza, unaletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye kidonda kwa mikono na vitambaa vichafu, haragi halijawahi kutembea kutoka tumboni hadi pajani. Tulimweleza hivyo, na vitambaa tukavichemsha pamoja.

Mayai yalikuwa na kesi yake. Katika nyumba nyingi zetu wazee walikataza mwanamke kula yai, na hata pale katazo limekufa, yai linakwenda kwa baba au sokoni. Mume wa mwenzetu alikuwapo. Alisema hana shida mkewe ale, ila pesa ya chumvi itoke wapi. Ni swali la haki, hatukuwa na jibu la maana. Tulikubaliana mayai sita kila juma yatoke kwenye ushirika kwa miezi miwili, na kuku wake waendelee kulipa chumvi.

Chakula peke yake hakikumsimamisha. Asidi amino zinafika kwenye msuli, lakini msuli usiofanya kazi unazipokea kivivu. Muuguzi alimwonyesha: kukaza paja akiwa amelala, kuhesabu hadi kumi, kuachia, mara nyingi kwa siku. Kisha kuinua mguu. Kisha kukaa na kusimama akishika kiti. Maumivu madogo ya kuvuta hayana neno. Maumivu makali yanayochoma, acha, pumzika, ulizia. Wale ambao msuli wao ulikatwa na risasi, au mguu umekatwa kabisa, wasibaki nyumbani wakidhani uji utatosha. Sehemu kubwa ikipotea mwili unaijaza kovu, na kovu halikazi wala halivuti, chakula hakiwezi kulirudisha kuwa msuli. Hospitali kuu za Masisi na Walikale zinapokea majeruhi, Ndosho kule Goma kuna upasuaji, na kituo cha Shirika la Umoja pale Goma kinajulikana kwa mazoezi na miguu ya bandia.

Na mambo haya msiyangoje hata kesho: homa, kidonda kinachonuka, mguu uliopoa au uliokufa ganzi chini ya jeraha. Jingine linawahusu hasa wachimbaji na wabebaji. Mtu aliyefukiwa na udongo au aliyebanwa na gogo, hata kama hana kidonda, akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, mpelekeni mbio, hata kwa kipoyi usiku. Msuli uliopondwa unamwaga ndani ya damu vitu vinavyoziba figo. Huyo asianze kulishwa maharagi mengi kabla muganga hajasema, vile vile na mwenye ugonjwa wa figo wa zamani.

Walikale wanakumbuka wabebaji wa Bisie, kilo 50 za mawe mgongoni kupita msitu hadi Njingala, na wengine walikula fufu na chai njiani. Misuli yao ilikuwa inapasuka kidogo kidogo kila safari na haikupewa cha kujishonea. Wengi wao leo ni wababa wa miaka 40 wenye migongo ya wazee. Tukiwaza hivyo tunawatazama pia wamama wa magunia ya makala kwenye barabara ya Sake, na kusema kweli tunajitazama sisi wenyewe.

Mwenzetu sasa ni juma la tisa. Paja bado halijalingana na la pili, tumelipima kwa kamba, limebaki nyuma upana wa vidole viwili. Mkutano uliopita alikuja kwa miguu yake na fimbo, akakaa mbele, akaomba asipewe kiti cha mgonjwa. Mzigo bado hajaanza kubeba na tumemkataza hadi muuguzi aseme.

Alhamisi ijayo baada ya mkutano tutakaanga soya pamoja na kusaga unga wa uji. Kila mmoja aje na kopo moja la mahindi na kuni mbili. Mama mkwe amesema sufuria kubwa ataleta yeye.